Singa Mdomoni

Katika kijiji chetu cha Lorette hajatokea mdarizi wa kunishinda mimi, na serikali yenyewe ilikubali hivyo kwa maandishi. Ilikubali kwa dakika kumi hivi, labda kumi na mbili, na maandishi yenyewe yalikuwa ya penseli. Ua pekee nililowahi kulimaliza maishani, Ovila mume wangu, Mungu amrehemu, aliligeuza huku na huku dirishani, kisha akaniuliza kama huyo chura alikanyagwa na gari la farasi au alijifia mwenyewe.

Lakini habari hii si yangu. Ni ya Exilda, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na ya siku moja ya Aprili, miaka ile ya hamsini, theluji ilipokuwa imegeuka tope na tope limeingia mpaka kwenye kapu la mkate.

Siku hiyo Exilda aliamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha jiko kwa kuni mbichi. Kuni zilizokauka zilikuwa zimekwisha tangu Machi. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka, akaweka sufuria ya uji wa mahindi, kisha akaenda kumgeuza mama yake kitandani. Mama huyo, Délima, alikuwa na miaka sabini na sita. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja ndani ya viganja kama majani yaliyokaukia mtini, na kijiko alikuwa hakishiki tena. Mikono hiyo hiyo ndiyo iliyodarizi mikoba ya wake za magavana na viatu vya mtoto wa askofu. Ndiyo, askofu. Msiniulize mimi.

Exilda alimlisha uji, na Délima alikula huku akilalamika kwamba haukukorogwa, kwamba sharubati ya utomvu wa mti ilikuwa kidogo, kwamba hata farasi wa padri hulishwa kwa heshima zaidi. Exilda akacheka kidogo, akamfuta kidevu. Walizoeana hivyo. Binti yake aliogopa asubuhi zile tu ambazo Délima alinyamaza.

Sasa lazima niseme jambo la daftari, maana bila daftari hamtaelewa kitu.

Serikali ilikuwa na daftari la watu wa kijiji, kila mtu na namba yake. Aliyemo ni Mhindi Mwekundu, ndivyo walivyotuita, na anaruhusiwa kuishi kijijini. Asiyekuwemo ni mgeni. Exilda alizaliwa katika nyumba ile ile, na mama yake, na bibi yake, na bibi wa bibi yake. Lakini aliolewa na Plamondon, kijana wa Kizungu aliyekuwa akisukuma magogo mtoni. Alipiga magoti kanisani saa tatu asubuhi akiwa Mwendati, yaani mtu wa kabila la kijiji hiki. Saa nne, alipotoka nje kurushiwa mchele, alikuwa Mzungu. Wakamfuta kwenye daftari wiki ile ile. Baada ya miaka kumi na moja magogo yalimwangukia Plamondon, wakamtoa mtoni siku ya tatu, lakini jina la Exilda halikurudi daftarini pamoja naye.

Mimi nilizaliwa Mzungu, binti wa mkulima wa viazi wa parokia ya jirani, macho ya bluu mpaka leo. Niliolewa na Ovila saa tatu asubuhi. Saa nne nilikuwa Mhindi Mwekundu, namba mia mbili na tatu. Sijawahi kuwa mwekundu ila siku za harusi, tena kuelekea jioni, lakini karatasi ni karatasi. Nilipewa fungu la kuni. Nilipewa haki ya kuzikwa juu ya kilima. Exilda hakupewa chochote.

Alichokuwa nacho ni kibali cha mwaka mmoja. Kibali kilisema kwamba mjane Plamondon, asiye wa kijiji, anaruhusiwa kukaa nyumbani kwa Délima ili kumhudumia, kwa kuwa huyo mama hajiwezi mikono, na kwamba asifanye biashara wala kazi yoyote ya mikono ya kuuzwa katika ardhi ya kijiji. Kilikuwa kinaisha tarehe mosi Mei. Wakala wa serikali, Bwana Letarte, alikuwa amesema angekuja siku hiyo saa nane kukigonga muhuri mpya, akiridhika.

Lakini kibali hakikusema hao wawili wangekula nini. Kwa hiyo Exilda alidarizi. Karakana ya mokasini pale chini, vile viatu laini vya ngozi visivyo na kisigino, ilikuwa inampa unga, nyama ya chumvi na mafuta ya taa kutoka dukani kwake, naye alikuwa anarudisha viatu vilivyochanua maua. Kwenye kila jozi walifunga kijikaratasi chenye namba ya Délima. Kijiji kizima kilijua. Hakuna aliyesema. Sisi tunasemana juu ya kila kitu kuanzia kofia hadi ujauzito, lakini hilo tulilinyamazia, hata mimi, na mnaonijua mtaelewa ni kazi ya namna gani.

Siku ile alikuwa na jozi moja ambayo ilikuwa haijaisha. Bibi mmoja mkubwa, mke wa mtu mkubwa, alikuwa anakuja mjini Quebec mwezi wa Juni, na wenye mji walitaka kumvisha viatu vyetu. Kiatu cha kwanza kilikuwa tayari kimepelekwa karakanani. Cha pili kilikosa petali tatu nyekundu, na rangi nyekundu ilikuwa imemwishia.

Kwa hiyo saa mbili alivaa buti za marehemu mume wake, akashuka dukani.

Zénaïde wa dukani alimwambia kila kitu kimepanda tangu Pasaka. Sukari imepanda, sabuni imepanda, uzi umepanda. Pakiti ya rangi ilikuwa na bei mpya na tumbo dogo zaidi. Exilda aliiweka kwenye kaunta pamoja na chupa ya siki, maana rangi ya pakiti bila siki haishiki kwenye singa, hutoka. Akahesabu alichokuwa nacho kiganjani mara mbili. Akairudisha siki kwenye rafu mwenyewe, akaigeuza lebo itazame mbele kama alivyoikuta.

Alipokuwa anarudi alipita kwenye ghala la kuni. Aliyekuwa anagawa siku hiyo ni Télesphore, mtoto wa mjomba wake, aliyekua naye pamoja kama pua na mdomo. Télesphore alimwona tangu mbali, akaanza kutafuta kitu ndani ya daftari lake ambacho hakikuwemo.

Exilda alimwambia mama alikuwa anakohoa, nyumba ilikuwa imejaa moshi wa kuni mbichi, alitaka mzigo mmoja tu wa kavu.

"Fungu la mama Délima lilitoka Februari," akasema Télesphore.

"Lilitoka la mtu mmoja. Tupo wawili."

"Wewe humo daftarini, Exilda."

"Nimo wapi basi?"

Télesphore akaangalia buti zake. Alisema ingekuwa yeye angempa ghala zima, lakini Bwana Wakala huhesabu vipande, na leo yupo kijijini. Kisha akaokota magome mawili makubwa yaliyokuwa chini, yasiyohesabiwa, akampa. Exilda akayapokea, akamshukuru, akapanda kilima na magome yake mawili kwapani. Nilimwona dirishani. Sikuona mtu akilia, lakini niliona mtu aliyekuwa anatembea kwa uangalifu sana, kama anayebeba maziwa.

Nikaingia kwake na kuni zangu nne kavu chini ya aproni. Namba mia mbili na tatu ina faida zake.

Saa nne singa zilikuwa zinachemka. Singa ni zile nywele ndefu za mgongoni mwa orinyali, yule mnyama wetu mkubwa wa pembe pana kama makoleo, naye awe ameuawa katikati ya majira ya baridi, vinginevyo ni fupi na hazina uhai. Zamani zilikuwa zinajaa kapu. Lakini msitu wetu wa kuwindia ulikuwa umewekewa ubao wa marufuku na askari, na waliokuwa wawindaji sasa walikuwa wanawabebea wageni mabegi ili wageni wawinde. Fungu hili la singa Exilda aliletewa na mmoja wao ndani ya soksi. Lilikuwa la kumaliza viatu hivyo tu.

Wakati wa mama yake rangi nyekundu ilikuwa inatoka kwenye mizizi ya mmea mmoja mdogo ulioota ukingoni mwa mto, chini ya maporomoko. Pale sasa pana yadi ya mbao yenye uzio na mbwa wawili. Délima alikuwa anasema kutoka kitandani, kila Exilda alipofungua pakiti, kwamba rangi yake yeye ungeweza kuifua, kuichemsha na kuizika, ungeifukua bado nyekundu.

Exilda alizikausha singa juu ya jiko, akakaa dirishani, akaanza.

Sijui kama mmewahi kuona. Singa ikiwa kavu huvunjika kama tambi. Kwa hiyo mdarizi huziweka mdomoni, tano au sita kwa pamoja, azilainishe kwa mate, akizitoa moja moja kwa kadiri anavyohitaji. Anazilaza juu ya ngozi nyeusi, anazifunga kwa uzi mshono baada ya mshono, na kabla ya kila mshono anazipindua nusu ili zivimbe kama shanga ndogo. Mdomo unakuwa umejaa kazi. Mdarizi hasemi. Ndiyo sababu mimi sikuweza kamwe. Watu hudhani ni mikono. Délima alinifundisha majira matatu ya baridi, na kila nilipoweka singa mdomoni nilikumbuka jambo la kusema.

Exilda yeye aliweza. Alikaa saa mbili nzima bila neno, kichwa kimeinama, na petali zikatokea moja, ya pili. Mimi nilimsimulia Délima habari za kijiji kizima, na Délima alinisahihisha. Petali ya pili ilipokwisha, Exilda alizitoa singa mdomoni aseme anataka chai.

Nikapiga kelele kidogo. Ulimi wake ulikuwa mwekundu kama umelamba bucha. Midomo ya ndani pia, na meno ya mbele kwenye mizizi.

"Siki," akasema Exilda, akijitazama kwenye kijiko. "Nilijua."

Tulicheka mpaka Délima akaanza kukohoa. Nilimwambia hatimaye nimeona Mhindi Mwekundu, nilikuwa nimengoja miaka thelathini. Délima akamwambia ale mkate. Akala mkate, akasukutua kwa chai, akasugua kwa kitambaa na majivu. Ulimi ukabaki vile vile. Exilda akasema basi, atafunga mdomo Bwana Letarte akija, yeye huwa hamsemeshi hata hivyo. Alipokuja mwaka jana aliongea na mama tu na ukuta.

Tukapanga. Délima angeonyesha mikono. Mimi ningetia chai. Kiatu na singa vingefichwa ndani ya kapu la nguo chafu. Kijikaratasi cha viatu kingegongwa muhuri na mwenye karakana kule kule karakanani, kama siku zote, na Bwana Letarte asingekuwa na sababu ya kuwaza viatu akiwa nyumbani kwa Délima.

Tatizo ni kwamba alikuja saa saba.

Alikuwa mtu mpole, Letarte. Hilo ndilo lililotuuma zaidi. Alifuta viatu mlangoni muda mrefu kuliko padri. Alimwamkia Délima kwa jina, akauliza kikohozi, akamletea chungwa. Exilda alikuwa amewahi kusukuma kiatu na sahani ya singa chini ya mto wa mama yake, akasimama kwenye jiko, amegeuza mgongo, akikoroga sufuria isiyokuwa na kitu.

Délima akatoa mikono yake juu ya blanketi. Hakuhitaji kuigiza. Letarte aliitazama, akaandika, akasema pole. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa vitu viwili akaviweka mezani sambamba, kama mtu anayepanga meza ya chakula.

Kimoja kilikuwa kibali. Cha pili kilikuwa kile kiatu cha kwanza, chenye kijikaratasi chake.

"Mwenye karakana aliniomba nipitie hapa mwenyewe," akasema. "Kwa kuwa ni kwa ajili ya mgeni wa heshima, wanataka sahihi yangu kwamba aliyedarizi ni Mhindi halisi, na kwamba nimemwona." Akakigeuza kiatu dirishani, taratibu, na nadhani kweli kilimpendeza. "Sasa, Mama Délima, nina shida. Karatasi hii inasema mikono yako haishiki kijiko. Na hii inasema mwezi huu umedarizi hiki. Mimi nataka kutia sahihi zote mbili. Nisaidie."

Alikuwa hasemi kwa ukali. Alikuwa kama mtu ambaye hesabu yake imebakiza moja, na anataka kujua iende wapi.

Délima akatazama kiatu. Nilijua anachowaza, maana hata mimi nilikuwa naliwaza hilo hilo. Akisema amedarizi yeye mwenyewe, basi mikono imepona, wala hahitaji wa kumhudumia, na Exilda anaondoka tarehe mosi Mei. Akisema amedarizi binti yake, basi binti amefanya kazi aliyokatazwa, na Exilda anaondoka tarehe mosi Mei. Na tena viatu havitakuwa vya Mhindi. Vitakuwa vya mjane wa Kizungu mwenye sindano.

Kwenye sufuria kijiko kilikuwa kimesimama.

"Mikono ina siku zake," akasema Délima hatimaye.

"Siku hizo ni zipi, mama?"

Macho ya Letarte yakaanza kuzunguka chumbani, kwanza dirishani, kisha kwenye kiti, kisha kwenye vipande vya uzi chini ya kiti, na yakawa yanaelekea jikoni. Hapo ndipo mdomo wangu, ambao haujawahi kunisubiri, ukafunguka.

"Ni mimi," nikasema.

Letarte akageuka. "Wewe?"

"Mimi, mke wa Ovila. Mia mbili na tatu. Mama Délima ndiye aliyenifundisha, sasa nilitumia namba yake kwa heshima. Kama nimekosea unisamehe, bwana, mimi shule niliishia darasa la tano."

Alifungua daftari. Nilikuwemo, jina, tarehe, namba, bila doa. Macho yangu ya bluu hayakuandikwa popote. Nikaona uso wake unafunguka kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Ile moja iliyobaki ilikuwa imepata pa kwenda. Akachukua penseli, akakata mia na kumi na nane, namba ya Délima, akaandika mia mbili na tatu, na jina langu kwa hati nzuri, na mbele yake, mdarizi. Akasema atakuja kulipitishia wino ofisini. Akasema hongera. Akasema mke wake ana pochi ya zamani ya kazi kama hii na haimwishi hamu.

Kisha akatoa muhuri kwa ajili ya kibali. Aliupulizia pumzi, kama anavyopulizia mtu miwani. Nilimtazama Exilda kwa nyuma. Mabega yalikuwa yameshuka kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa amesimama kama mtu aliye nyumbani kwake.

Muhuri ukabaki hewani.

"Jambo moja tu," akasema Letarte. "Mwezi wa Juni watakuja na mpiga picha. Watataka kukuona ukidarizi mbele ya yule bibi. Hebu nione mshono mmoja, nijue pa kukukalisha, kwenye mwanga gani. Kiatu cha pili kipo?"

Kilikuwepo. Délima alikuwa amekilalia. Nikasema kipo, nilikileta kwa mama anikosoe. Nikakitoa chini ya mto wake, na singa zilizobaki, sita tu, kwenye sahani yake. Nikakaa kwenye kiti cha Exilda, kilikuwa bado na joto. Bado petali moja.

Nikaanza kuongea, bila shaka. Nilimweleza Letarte kwamba kazi hii inataka subira, na mwanga wa kaskazini, na moyo safi. Nikachukua singa ya kwanza kwa vidole viwili, kama nilivyokuwa naona Exilda akifanya, nikailaza juu ya ngozi, nikaipindua.

Tk.

Ilivunjika katikati. Nikasema hiyo ilikuwa mbovu, mnyama naye alikuwa mzee. Nikachukua ya pili, nikawa mpole nayo kama na yai. Tk. Ya tatu haikufika hata kwenye ngozi. Letarte alikuwa ameegemea mbele kwa adabu. Mimi jasho linanitoka mgongoni, na mdomo unaendelea wenyewe, unasimulia juu ya mwanga wa kaskazini. Nikachukua ya nne.

Délima alikuwa anatazama sahani. Hakuwa ananitazama mimi wala Letarte. Alikuwa anatazama zile singa, mgongo wa mnyama mmoja mzima ulioletwa ndani ya soksi, zinavyoisha. Alikuwa amedarizi tangu ana miaka sita. Niliona midomo yake inafunguka, nikamwomba kwa macho anyamaze.

"Mdomoni," akasema. "Mdomoni kwanza, we mjinga. Miaka thelathini nakwambia."

Baada ya hapo alifunga macho. Machozi yakamtoka kwenye kona, na mikono ile haikuweza kuyafuta.

Mimi nikajitia kucheka. Nikasema mama yuko sawa, mwalimu ni mwalimu, nilisahau kwa sababu ya kuona haya mbele ya wakubwa. Nikazitia zile tatu zilizobaki mdomoni, na kwa kuwa nilikuwa bado naongea, zikaanguka tena mapajani, zimelowa.

Letarte aliinama, akaziokota. Alikuwa mtu wa adabu. Akanitazama mdomo, akasema, "Samahani, mama, una kitu," akatoa leso yake akanigusa pembeni mwa mdomo, kama unavyomfuta mtoto. Kisha akaitazama leso. Palikuwa na doa dogo jekundu. Akatazama vidole vyake, vilivyookota singa. Navyo vilikuwa vyekundu kwenye ncha.

Aliuweka muhuri mezani, kwa ubavu.

Alikuwa anahesabu, nilimwona. Singa tatu, mdomoni mwangu kwa muda wa neno moja. Na petali zilizokwisha darizwa kwenye viatu vyote viwili, za singa ngapi, kwa saa ngapi, na za mdomo gani.

"Mama Plamondon," akasema.

Exilda hakugeuka.

"Hujasema neno tangu nimeingia. Sikukusemesha, ni kosa langu." Kweli ilionekana kumuuma. Si mimi, alikuwa na mazoea ya kusema, ni karatasi, na sasa hakulisema hilo, lakini lilikuwa limeandikwa usoni mwake. Akachukua penseli, akavuta kibali karibu. "Kwa ajili ya fomu. Naomba unitajie jina lako kamili."

Lilikuwa limeandikwa mbele yake, kwa herufi kubwa, mwaka jana na mwaka huu.

Exilda aliondoa sufuria motoni. Alifuta mikono kwenye aproni, kila kidole, akageuka, akasimama wima. Alijaribu kulisema kwa midomo peke yake. Haiwezekani. Simama mbele ya kioo ujaribu mwenyewe; jina lile halitoki mpaka ulimi upande ukaguse meno.

"Exilda," akasema, na sote tukauona, mwekundu uleule wa petali zilizokuwa mezani mbele ya Bwana Letarte.